Mbuzi wa Kibanja: Mfugo Uliosahauliwa katika Historia ya Karagwe

Mtu asomaye habari za Karagwe katika vitabu vya kale hukutana kwanza na ng'ombe. John Hanning Speke na James Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwishoni mwa mwaka 1861, Speke aliandika kwa kirefu juu ya makundi ya ng'ombe, juu ya maziwa, na juu ya wanawake wa jumba la kifalme walionyweshwa maziwa hata wakanenepa wasiweze kusimama. Mwaka 1876 Henry Stanley alionyeshwa hazina ya mfalme huyo huyo, naye akaorodhesha sanamu za mabata, sanamu za pofu, na sanamu za ng'ombe wasio na vichwa zilizofuliwa kwa shaba. Miongoni mwa vyombo vya enzi vya Bweranyange walikuwamo pia ng'ombe wa chuma, kazi ya wahunzi ambayo hata leo huwastaajabisha wataalamu. Katika habari hizo zote mbuzi hana mahali.

Si ajabu. Wageni hao walipokewa na watawala, wakaandika yaliyowapendeza watawala. Ukoo wa Wahinda uliitawala Karagwe kwa ng'ombe: kwa kumgawia mtumishi mwaminifu, kwa kumnyang'anya aliyeasi. Lakini chini ya dola hiyo palikuwa na kaya za wakulima, maelfu kwa maelfu, na katika kaya hizo mfugo uliokuwa karibu na mtu kuliko wote ulikuwa mbuzi. Insha hii inakusudia kumtazama huyo. Ni maoni yangu kwamba ng'ombe aliijenga enzi ya Karagwe, na mbuzi akaishika nyumba ya mkulima mkono enzi hiyo ilipoyumba; na kwamba maarifa ya kumzalisha mbuzi na kumlea mwanawe ni historia ya taifa sawasawa na sanamu za shaba, ingawa hayakuwekwa katika hazina ya mfalme yeyote.

Natuichukue Kihanga, kata mojawapo ya Wilaya ya Karagwe katika Mkoa wa Kagera. (Wilaya ya Kyerwa ilitengwa na Karagwe mwaka 2012; kwa hiyo tusemapo Karagwe ya kale tunazijumlisha zote mbili.) Hii ni nchi ya vilima vyenye migongo mirefu na mabonde, yenye mvua mara mbili kwa mwaka: zile za kuanzia Septemba hadi Desemba, na zile za Machi hadi Mei. Mkulima huigawa ardhi yake kwa majina mawili. Kibanja ni shamba la migomba na kahawa lizungukalo nyumba, maharage yakiwa chini ya migomba. Rweya ni uwanda wa majani ulio nje ya hapo. Mgeni apitaye njiani hudhani kwamba watu wa kale walichagua penye udongo mweusi wakapanda migomba. Kumbe udongo wa kibanja umetengenezwa kwa mikono. Kizazi baada ya kizazi wamebeba majani kutoka rweya na kuyatandaza, wakaongeza majivu, maganda ya ndizi, na zaidi ya yote samadi. Kibanja kikikosa samadi kwa miaka mingi, mikungu husinyaa na shamba huanza kurudi kuwa rweya. Mwenye ng'ombe hakuwa na shida ya samadi. Asiye na ng'ombe, na hao ndio waliokuwa wengi, alimtegemea mbuzi.

Je, mbuzi huyu alitoka wapi? Afrika yetu haikuwa na mbuzi-mwitu ambaye angeweza kuwa babu yake. Mbuzi wa kwanza walifugwa katika milima ya Asia Magharibi, katika nchi ambayo leo ni Iran na jirani zake, yapata miaka 10,000 iliyopita. Wazao wao walishuka kwa kupitia bonde la Nili na Sahara, na mifupa iliyofukuliwa kando ya Ziwa Turkana inaonyesha kwamba walikuwa wamefika Afrika Mashariki zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Mgomba nao ni mgeni aliyetoka Asia, ila yeye alitoka upande wa kusini-mashariki. Wageni hawa wawili walikutana katika nchi za Maziwa Makuu wakafanya undugu: mmoja anakula maganda na majani ya mwenziwe, na mwingine anakula samadi.

Lugha yenyewe imehifadhi ushahidi wa ukale wa mbuzi. Mnyambo husema embuzi, na Mganda vilevile. Msukuma husema mbuli, Mkikuyu mbũri, Mshona mbudzi, na Mzulu wa Afrika Kusini imbuzi. Ni neno moja lililosafiri na watu wetu tangu walipokuwa kitu kimoja. Sasa mwulize Mnyambo jina la ng'ombe, atakujibu ente. Neno hilo na ng'ombe la Kiswahili halina udugu wowote. Ndiyo maana wanaisimu husadiki kwamba mababu wa wasemaji wa Kibantu walimjua mbuzi kabla hawajajua ufugaji wa ng'ombe. Mwalimu wa Kiswahili anaweza kuwapa wanafunzi wake zoezi la kukusanya jina la mbuzi katika lugha za nyumbani kwao, na kabla ya kengele kulia watakuwa wameshika mkononi uzi wa historia wenye umri wa maelfu ya miaka.

Katika nyumba ya msonge ya zamani mbuzi walilala ndani, upande mmoja, wamefungwa kwenye vigingi, na moto ukiwaka katikati. Msomaji wa leo huenda akakunja pua. Lakini nje walikuwako chui na fisi, na usiku wa vilimani una baridi kali. Tena samadi ilikusanyika pale pale sakafuni, ikafagiwa asubuhi na kupelekwa kwenye mashina ya migomba bila kupotea hata konzi moja. Mbuzi aliingia katika mahari. Alichinjwa kwa ajili ya mgeni wa heshima na kwa ajili ya tambiko. Ngozi yake ilikuwa vazi na mbeleko kabla ya nguo za pamba kuenea. Kwa maskini alikuwa pia ngazi: kuku wakiongezeka hununua mbuzi, na mbuzi wakiongezeka huenda siku moja wakanunua ng'ombe.

Kulikuwa na njia nyingine ya kupanda ngazi hiyo, iliyoenea katika nchi zote za Maziwa Makuu. Mwenye mbuzi wengi humpa jirani asiye na kitu mbuzi jike amtunze. Mtunzaji hupata samadi tangu siku ya kwanza, na mbuzi akizaa mara kadhaa hupewa mmoja wa watoto awe wake kabisa. Mwenye mali naye amepunguza hatari, kwa sababu ugonjwa ukiingia katika zizi lake haummalizi. Siku hizi tunasikia miradi ya "kopa mbuzi, lipa mbuzi", ambamo mkulima hupewa mbuzi jike na hulipa kwa kumpelekea jirani mwingine mtoto jike wa kwanza. Wengine huisifu kana kwamba ni hekima iliyokuja kwa ndege. Ukiitazama vizuri ni desturi ya zamani iliyovalishwa nguo mpya, ila safari hii mkopeshaji si tajiri wa kijiji anayejiongezea wafuasi, na hilo ni badiliko la haki.

Ndipo ikaja miaka ya 1890. Ugonjwa wa sotoka ulikuwa umeingia pembe ya Afrika mwaka 1887, na kufikia mwaka 1891 ulikuwa umezifagia nchi za Maziwa Makuu. Ulifika Rasi ya Afrika Kusini kabla karne haijaisha. Uliua ng'ombe, uliua nyati. Makundi ambayo Speke aliyaona miaka thelathini kabla yalitoweka kwa msimu mmoja au miwili. Karagwe ilipigwa zaidi ya pigo moja, kwa maana katika miaka hiyo hiyo ndui ilizunguka, na funza, mdudu mgeni aliyekuja kutoka magharibi kwa njia ya Kongo, alilemaza miguu ya wakulima wasiweze kwenda shambani. Kisha utawala wa Wajerumani ukaingia katika nchi iliyokwisha dhoofika.

Watawala walipoteza ng'ombe, na pamoja na ng'ombe walipoteza uwezo wa kuwafunga watu kwao. Mkulima je? Alipoteza mengi, lakini sotoka haikumgusa sana mbuzi. Mbuzi wawili waliobaki kwenye vigingi, mmoja wao akiwa na mimba, walikuwa mwanzo mpya. Mbuzi jike wa kienyeji hubeba mimba miezi mitano tu, aghalabu huzaa mara tatu katika miaka miwili, na pacha si jambo la nadra. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa na kuzaa mmoja. Msomaji akifanya hesabu ataona ni mfugo upi ungeirudisha kaya kwenye miguu yake kwanza.

Pigo la pili lilikuja polepole. Palipokosa ng'ombe wa kula majani na watu wa kuchoma na kukata, vichaka viliota juu ya malisho, na katika vichaka akakaa ndorobo, mbung'o aletaye nagana. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 sehemu kubwa za Karagwe zilizokuwa malisho ziligeuka kuwa pori lake. Ng'ombe hakuweza kurudi huko. Mbuzi wa kienyeji huustahimili ugonjwa huo kuliko ng'ombe, na zaidi ya hayo hakuwa na haja ya kwenda mbali: alikula pembezoni mwa kibanja, akalala nyumbani. Kwa hiyo katika miaka ambayo waandishi wa serikali ya kikoloni walikuwa wakiandika juu ya nchi iliyokwisha, wanawake wa Karagwe walikuwa wakiendelea kufagia samadi ya mbuzi na kuipeleka migombani.

Yafaa sasa tuingie ndani ya kazi yenyewe, maana historia ya mfugo huyu imo katika usiku wa kuzaa kuliko katika daftari lolote.

Mbuzi wa kienyeji hana msimu mmoja. Dume akiwa kundini, majike huzaa mwezi wowote. Lakini mfugaji mwenye busara huchagua. Ukimpandisha jike katikati ya Januari, hesabu siku 150, atazaa katikati ya Juni. Mvua za masika zimekwisha, udongo umekauka, na mama ameshiba majani ya Machi hadi Mei, kwa hiyo kiwele kina maziwa. Mtoto huyo hulikizwa akiwa na miezi mitatu, yaani Septemba, mvua nyingine zinapoanza na majani mapya yanapochipua. Kinyume chake, mtoto anayezaliwa Aprili hulala juu ya tope, na homa ya mapafu humchukua kabla hajajua kutafuna. Ili kuchagua hivyo ni lazima dume afungwe kando. Hapa ndipo wazee walipomhofu beberu, kwa jinsi anavyopenda kupanda kila alichokiona na kusukuma wenziwe malishoni. Haikuwa bahati mbaya kwamba, taifa letu lilipotafuta neno la kuwaitia wakoloni, tulimwendea dume huyo tukaunda ubeberu. Lugha chache zimeipata siasa ya dunia kwenye zizi la mbuzi.

Siku zikikaribia, kiwele hujaa na kung'aa, nyama za kando ya shina la mkia hulegea hata mtu akazizungusha kwa vidole, na mbuzi hujitenga na wenziwe, akikwaruza chini kwa kwato na kulia sauti ya chini ambayo hatoi wakati mwingine. Mama wa nyumba huijua sauti hiyo akiwa usingizini. Mbuzi hutengewa kona yenye majani makavu, na majani ya migomba yaliyokauka ndiyo bora kwa kuwa hayashiki unyevu. Kisha mtu huketi na kungoja, na katika kungoja ndimo ilimo kazi. Vijana huwa na haraka ya kuvuta.

Ukionekana mfuko wa maji, baada yake zije kwato mbili za mbele na pua imelala juu yake, kama mtu anayeruka majini. Mkao huo hauhitaji msaada. Lakini ukiona mguu mmoja tu, au mkia, au kichwa bila miguu, na mama amesukuma nusu saa bila mafanikio, hapo ni lazima mkono wenye kucha zilizokatwa, uliooshwa kwa sabuni na kupakwa mafuta, uingie taratibu kumrudisha mtoto nyuma kidogo na kuunyosha mguu uliokunjamana. Kazi hii aghalabu hufanywa na mwanamke au kijana mwenye mkono mdogo. Mzee mwenye kiganja kipana, hata awe na sifa gani baraza la kijiji, hapa hana la kufanya ila kushika taa.

Mtoto akitoka, hufutwa ute puani na mdomoni. Asipopumua husuguliwa mbavu kwa majani makavu. Mama huachwa amrambe, kwani kwa kumramba humjua, na asipomjua hatamnyonyesha. Uzito wake ni kilo mbili hivi, pungufu kwa pacha. Kitovu hupakwa dawa, kwa sababu ni mlango wa maradhi. Lililo kubwa kuliko yote ni dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya manjano: mtoto ayapate katika saa ya kwanza au ya pili. Hakuzaliwa na kinga mwilini. Kinga yote ya mama imo ndani ya dang'a, na utumbo wa mtoto huweza kuipokea kwa siku moja tu. Ziko familia zilizoikamua na kuimwaga kwa kuiona kama uchafu, na waliofanya hivyo walizika watoto wa mbuzi wengi bila kujua sababu.

Pacha wana shida yao. Mwenye nguvu hunyonya chuchu zote mbili, dhaifu hubaki akilia. Mama mbuzi akimkataa mmoja, wazee humpaka mtoto chumvi mgongoni ili mama avutwe kumramba, au hushikwa na watu wawili mara kadhaa kwa siku mpaka akubali. Mama akifa, mtoto hupelekwa kwa mbuzi mwingine aliyefiwa, akiwa amefunikwa ngozi ya marehemu ili harufu imdanganye. Kondo la nyuma hutazamiwa litoke kabla ya saa kumi na mbili kupita; hufukiwa shambani mbwa wasilifikie. Na pale mimba inapotoka kabla ya wakati, hasa ikiwa ni kwa mbuzi zaidi ya mmoja, mtu asishike chochote kwa mikono mitupu: ugonjwa wa kutupa mimba huingia kwa binadamu ukawa homa ya miezi mingi. Jambo hili linapaswa kufundishwa darasani.

Nimetaja vijana na watoto, na hapa historia ya elimu inaingia zizini. Zamani mtoto wa miaka saba au minane ndiye aliyekuwa mchungaji. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamuru watoto wote wa umri wa shule wawe darasani ifikapo 1977, na mwaka uliofuata sheria ikawafanya wazazi wawajibike. Mchungaji akachukua daftari. Mbuzi, ambaye zamani alizunguka rweya, akafungwa kamba kandokando ya kibanja tangu asubuhi mpaka watoto warudi. Methali isemayo mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake huzungumzwa sana na wanasiasa. Kihanga ilikuwa habari ya chakula. Majike waliofungwa mahali pamoja siku nzima walikonda, na kazi ya kukata majani ikaongezwa juu ya kazi za mama. Hata hivyo mbuzi huyo huyo ndiye aliyeuzwa kila Januari kulipia ada ya sekondari, na baada ya ada kufutwa mwaka 2016 hadi kidato cha nne, bado anauzwa kwa ajili ya sare na madaftari. Mtoto aliyeacha kumchunga anaelimishwa naye.

Kamba imepata sababu nyingine tangu mnyauko wa migomba ulipoonekana mkoani Kagera mwaka 2006. Mbuzi anayetafuna mgomba uliougua anaweza kuubeba ugonjwa hadi mgomba mzima, kwa hiyo lile shamba alilolirutubisha kwa karne nyingi sasa haruhusiwi kuingia bila kizuizi. Wafugaji wengi wanaelekea kwenye banda lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, ambamo samadi huanguka chini na kukusanywa kavu. Ni msonge tena, isipokuwa watu na mbuzi hawalali chini ya paa moja.

Liko jambo moja ambalo watu wa miaka ya 1890 wasingelisadiki. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka ya ng'ombe imetokomezwa duniani kote. Lakini miaka mitatu kabla ya tangazo hilo, mwaka 2008, ndugu yake alithibitishwa Tanzania, upande wa Ngorongoro: sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyotambuliwa mara ya kwanza Côte d'Ivoire mwaka 1942. Mbuzi aliyenusurika pigo la kwanza sasa ana pigo lake mwenyewe. Homa hupanda, macho na pua hutoa uchafu, midomo huota vidonda, kuhara hufuata, na majike wenye mimba huzitupa. Chanjo ipo, sindano moja humlinda mbuzi kwa muda usiopungua miaka mitatu, na tangu 2015 mataifa yameweka nia ya kuutokomeza ugonjwa huu ifikapo 2030. Mtoto wa mbuzi aliyenyonya dang'a ya mama aliyechanjwa huilinda miezi yake ya kwanza kwa kinga hiyo, kisha naye huwa tayari kuchanjwa akiwa na miezi mitatu au minne. Kwa aliyezaliwa Juni, hiyo ni Septemba au Oktoba, majani mapya yanapochipua kwenye rweya.